Bomba la sindano ni sehemu ya dozi: namna ya kumchagulia paka mwenye kisukari

Paka wangu Kaniki huchomwa insulini mara mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa moja jioni. Ni dume mweusi aliyehasiwa, umri umeshasogea, na mwili wake ni mzito kuliko unavyopaswa kuwa. Paka wa namna hiyo ndio kisukari huwapata zaidi. Mbali na kumtunza yeye, kazi yangu ni ya usaidizi katika kliniki ya wanyama, na mara nyingi mimi ndiye ninayekaa na mtu aliyetoka kuambiwa kwamba paka wake ana kisukari, nimfundishe kuvuta dawa na kuchoma. Watu huja na hofu ya sindano. Wanauliza kama paka ataumia, kama atawakimbia, kama mkono utatetemeka. Hayo yote huisha ndani ya wiki chache, maana sindano za insulini ni nyembamba sana na paka wengi huchomwa huku wanakula. Swali linalonikosesha usingizi mimi ni lingine, na ni wachache wanaoliuliza: nitajuaje kwamba bomba nililouziwa ndilo?

Mabomba ya insulini yanafanana. Ukiyapanga mezani, mtu asiyezoea ataona vitu vya aina moja: plastiki nyembamba, mistari, kifuniko cha rangi. Lakini daktari akisema "uniti mbili," maneno hayo hayajakamilika mpaka ujue ni uniti mbili za dawa yenye nguvu gani, zilizopimwa kwa bomba gani. Kwangu mimi bomba ni sehemu ya dozi kama ilivyo dawa yenyewe. Ukiondoka kliniki na karatasi iliyoandikwa dozi bila aina ya bomba, rudi uiombe iandikwe.

Anza na kichupa

Kabla hujanunua bomba lolote, toa kichupa cha insulini kwenye boksi lake ukisome. Usiishie kwenye jina. Tafuta nguvu ya dawa. Imeandikwa U-40 au U-100, au kwa kirefu uniti 40 kwa mililita, uniti 100 kwa mililita. Maana yake ni kwamba katika mililita moja ya dawa ya U-40 mna uniti 40 za insulini, na katika mililita moja ya U-100 mna uniti 100. Kwa macho huwezi kuona tofauti hiyo, lakini moja ina nguvu mara mbili na nusu ya nyingine.

Insulini zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama, kama ProZinc na Caninsulin (hii ya pili Marekani inauzwa kwa jina la Vetsulin), ni U-40. Insulini za binadamu ambazo madaktari huwaandikia paka, hasa ile ya glarijini inayojulikana sana kwa jina la Lantus, ni U-100. Usilifanye hilo kuwa kanuni ya kukariri, kwa sababu zipo nchi ambako insulini ya binadamu ya U-40 bado inauzwa. Soma kichupa chako mwenyewe.

Tofauti hii ina historia. Insulini ilipopatikana Toronto mwaka 1921, dawa za mwanzo zilikuwa hafifu, na kwa miaka mingi baadaye wagonjwa walikuwa wakiuziwa chupa za nguvu mbalimbali, zikiwemo za 40 na za 80. Kuanzia miaka ya 1970 nchi nyingi ziliamua binadamu watumie nguvu moja ya 100 ili makosa ya kupima yapungue. Dawa za wanyama zilibaki kwenye 40, na kwa paka hilo lina faida: dozi yake ni ndogo mno, na dawa isiyokolea sana huchukua nafasi kubwa zaidi ndani ya bomba, kwa hiyo ni rahisi kuipima vizuri.

Basi kanuni ya kwanza ni hii, na hakuna nyingine inayoikaribia kwa umuhimu: dawa ya U-40 huvutwa kwa bomba la U-40, na dawa ya U-100 huvutwa kwa bomba la U-100. Mistari iliyochorwa kwenye bomba imechorwa kwa ajili ya nguvu moja tu ya dawa.

Hebu tupige hesabu, kwa sababu mtu akiiona kwa namba haisahau tena. Tuseme dozi ni uniti 2. Una dawa ya U-100, lakini mkononi una bomba la U-40. Unavuta mpaka mstari wa 2. Ulichovuta ni mililita 0.05, na katika dawa ya U-100 mililita 0.05 ni uniti 5. Umempa paka dozi mara mbili na nusu ya aliyoandikiwa. Kwa mnyama wa kilo nne au tano, hiyo inaweza kumuua.

Sasa geuza. Una dawa ya U-40 na bomba la U-100, unavuta mpaka mstari wa 2. Hapo umevuta mililita 0.02, ambazo kwenye U-40 ni uniti 0.8. Paka hatadondoka, ila sukari yake itabaki juu siku baada ya siku. Ataendelea kunywa maji mengi, kukojoa sana na kukonda, na daktari akimpima atadhani dawa haimfai. Nimeona watu wakiongezewa dozi kwa sababu hiyo. Kisha siku moja mtu anapata bomba sahihi, anavuta ile dozi iliyoongezwa, na tatizo linageuka kuwa la upande wa pili.

Kuhusu rangi: kwa kawaida kifuniko cha bomba la U-40 huwa chekundu na cha U-100 huwa cha rangi ya chungwa. Ni mazoea mazuri, na mimi mwenyewe huyatumia kuangalia haraka haraka, lakini si viwanda vyote vinayafuata. Kinachoaminika ni maandishi yaliyochapwa kwenye mwili wa bomba. Kama mwili wa bomba hauna maandishi ya U-40 wala U-100 na una mililita peke yake, hilo si bomba la insulini.

Kuna wenye paka wanaotumia bomba la U-100 kwa dawa ya U-40 makusudi, na hawajakosea. Wanazidisha dozi kwa 2.5: uniti 1 inavutwa mpaka mstari wa 2.5, uniti 2 mpaka mstari wa 5, uniti 3 mpaka 7.5. Hufanya hivyo ama kwa sababu mabomba ya U-40 hayapatikani walipo, ama kwa sababu wanataka kupima vipande vidogo zaidi. Kwenye bomba la U-100 lenye alama za nusu, kila alama inakuwa sawa na uniti 0.2 za dawa ya U-40. Hesabu hiyo ni sahihi. Sharti langu ni kwamba daktari aijue na aiandike kwa namba za mistari, na kila mtu mwenye kumchoma paka huyo awe na karatasi ileile. Hesabu ya kichwani saa kumi na moja alfajiri, au inayofanywa na jirani uliyemwachia paka, siiamini. Na kinyume chake, yaani kuvuta dawa ya U-100 kwa bomba la U-40, usikifanye hata kama unajua kugawanya.

Jambo jingine linalofanana na hilo ni kalamu za insulini, yaani vifaa vyenye umbo la kalamu ambavyo dawa imo ndani yake na dozi huchaguliwa kwa kuzungusha. Zipo kalamu za binadamu zenye nguvu ya 200 na 300. Toujeo, kwa mfano, ni glarijini ileile ya Lantus lakini yenye uniti 300 kwa mililita. Ukichoma bomba la U-100 kwenye kalamu hiyo ukavuta "uniti moja," umevuta tatu. Usivute kabisa dawa kwa bomba kutoka kwenye kalamu za namna hiyo. Kalamu za U-100 baadhi ya madaktari huruhusu zivutwe kwa bomba la U-100, lakini hilo uliulize, usiliamue peke yako. Iwapo mikono yako ina shida na mabomba, Caninsulin ina kalamu yake inayoitwa VetPen, na ile ndogo hupimwa kwa nusu uniti.

Ukubwa: chukua dogo kabisa linalotosha dozi

Mabomba ya U-100 huja kwa ukubwa wa aina tatu: mililita 1 (uniti 100), mililita 0.5 (uniti 50) na mililita 0.3 (uniti 30). Duka likiwa na moja tu, mara nyingi huwa ni la mililita 1, na mwuzaji atakwambia kwa nia njema kwamba yote ni sawa. Si sawa. Kwenye bomba la mililita 1 mstari mmoja mara nyingi ni uniti 2. Paka wengi huanzishwa kwenye uniti 1 hivi kila baada ya saa 12, kwa hiyo dozi nzima ya paka inaangukia kabla ya mstari wa kwanza. Hapo unakisia tu.

Bomba la mililita 0.5 lina mstari kwa kila uniti, nalo linaweza kukufaa kwa muda. Linalomfaa paka ni la mililita 0.3. Ni jembamba zaidi, kwa hiyo kiasi kilekile cha dawa hupanda urefu mkubwa zaidi ndani yake na mistari inakaa mbalimbali. Hata paka anayehitaji uniti 5 au 6 anatoshewa nalo bila shida. Kwa upande wa U-40 nako yapo ya mililita 0.3, ambayo yanabeba uniti 12, na ndiyo ninayowaelekeza watu kuyatafuta.

Alama za nusu uniti

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi hukata tamaa wakachukua chochote kilichopo.

Mtu mzima anayetumia uniti 40 akikosea kwa robo uniti, mwili wake hautajua. Kosa hilohilo kwa paka wa uniti 1 ni asilimia 25 ya dozi. Na daktari anapobadilisha dozi ya paka, mara nyingi hupandisha au kushusha kwa nusu uniti, wakati mwingine kwa robo. Bomba ambalo alama zake ni za uniti nzima haliwezi kufuata maelekezo hayo. Kwa hiyo tafuta bomba la mililita 0.3 lenye alama za nusu uniti. Si kila la mililita 0.3 linazo. Boksi zinafanana, chapa ni ileile, tofauti ni maneno machache pembeni. Angalia bomba lenyewe: kati ya 1 na 2 pawe na mstari mfupi. Kwenye aina nyingi mistari ya nusu imechapwa upande wa pili wa mistari mizima, basi lizungushe kidogo ndipo uione.

Kaniki yuko kwenye uniti 1.5. Nikikosa bomba lenye nusu, siku hiyo namaliza duka moja naenda lingine mpaka nilipate.

Bibi mmoja aliyeletwa kliniki na mjukuu wake alishika bomba la namna hiyo, akalisogeza mbali, akalisogeza karibu, akaniambia, "Mwanangu, mistari hii mimi siioni." Nilimshukuru kwa kusema, maana wengi huona haya, wakatikisa kichwa wakaenda kukisia nyumbani. "Basi bibi, tutatafuta njia," nikamjibu. Tulijaribu kioo cha kukuza, kile cha kusomea, tukawasha taa ya simu nyuma ya bomba, mistari ikajitokeza. Pia tulijaribu chapa tofauti, kwa sababu wino mweusi mzito na mweusi hafifu si kitu kimoja kwa jicho la mzee. Mwishowe mjukuu ndiye aliyekuwa akivuta mabomba mawili kila jioni, la jioni hiyo na la kesho yake asubuhi, bibi akichoma. Daktari alilikubali hilo kwa dawa aliyokuwa ameandikiwa, likae kwenye friji na kifuniko chake. Si kila insulini inafaa kukaa ndani ya bomba, kwa hiyo waulize kwanza. Ninachotaka kusema ni kwamba bomba sahihi ni lile ambalo mwenye kulitumia anaweza kulisoma. Jaribu kulisoma ukiwa na mwanga wa nyumbani kwako, saa zile unazochoma.

Robo uniti haichapwi popote. Daktari akikuandikia 1.25, unalenga katikati ya mstari wa 1 na wa 1.5, na jambo la maana ni kulenga palepale kila siku. Paka akipewa 1.2 kila siku daktari ataona mwelekeo na kurekebisha. Akipewa 1 leo, 1.5 kesho, namba za sukari hazitasomeka.

Kwa sababu hiyohiyo ukishapata chapa inayokufaa, baki nayo. Mpira wa ndani hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda, na mistari haianzi sehemu ileile kabisa. Kwa dozi kubwa haijalishi. Kwa uniti moja inajalisha. Ukilazimika kubadili, mwambie daktari, na uangalie sukari ya paka kwa ukaribu zaidi siku hizo.

Sindano yenyewe

Unene wa sindano hutajwa kwa geji, na namba kubwa ndiyo nyembamba: geji 31 ni nyembamba kuliko 29, na 29 kuliko 28. Kwa paka, 29 hadi 31 zote zinafaa. Mimi napenda 31 kwa sababu paka haisikii karibu kabisa. Udhaifu wake ni kwamba hupinda upesi, hasa inapoingizwa kwenye mpira wa kichupa kwa pembe. Iingize ikiwa wima. Kama mkono wako ni mzito, chukua 30 usijilaumu.

Urefu ndio una mjadala zaidi. Unaokutana nao ni milimita 12.7, milimita 8 na milimita 6. Ngozi ya paka ni legevu. Unaivuta juu, inatengeneza hema, unachoma chini ya hema. Sindano ya 12.7 ikiingia kwa nguvu kidogo hutokea upande wa pili wa hema na dawa yote inaishia kwenye manyoya. Wageni wa kazi hii huwatokea sana. Ya milimita 6 nayo, kwa paka mwenye manyoya mazito, inaweza isifike chini ya ngozi. Milimita 8 inawafaa paka wengi. Wenye paka wa manyoya marefu sana, wanyoe kipande kidogo ubavuni badala ya kutafuta sindano ndefu. Utaona ngozi unayoichoma.

Ukihisi unyevu kwenye manyoya baada ya kuchoma, usirudie dozi. Hujui ni kiasi gani kimeingia. Sukari ya juu kwa saa 12 haimdhuru paka kama dozi mbili zilizopandana.

Chagua bomba ambalo sindano yake imeshikamana na mwili, haitoki. Yale ya kuunganisha sindano yanabaki na dawa kwenye shingo, na kwa dozi ya paka kiasi hicho ni kikubwa. Mabomba ya mililita 1 yanayotumika kwa vipimo vya kifua kikuu mara nyingi huwa ya aina hiyo. Yana mistari mizuri na yanapatikana kirahisi, lakini yameandikwa mililita, na mtu akichoka husoma 0.1 akadhani ni uniti 1. Kwenye U-100 hiyo ni uniti 10. Nakusihi usiyaweke kwenye kabati moja na insulini.

Kulisoma

Bomba sahihi linalosomwa vibaya halina msaada. Shika bomba wima, sindano ikiangalia juu, mistari ikiwa usawa wa jicho. Soma pale ukingo wa juu wa mpira mweusi unapogusa mstari, yaani ukingo ulio karibu na sindano. Mpira wenye ncha iliyochongoka katikati hausomwi kwenye ncha. Unasomwa kwenye duara linalogusa ukuta wa bomba.

Kiputo cha hewa chini ya ngozi hakimdhuru paka. Tatizo lake ni nafasi kinayochukua. Tone la maji ni kama mililita 0.05, uniti 1 ya U-100 ni mililita 0.01, yaani sehemu ya tano ya tone. Kiputo unachokiona kwa macho kinaweza kuwa nusu ya dozi. Vuta dawa zaidi kidogo ya unayohitaji, gongagonga bomba kwa kucha, rudisha hewa kwenye kichupa, kisha shuka mpaka kwenye mstari wako. Dawa zenye wingu huzalisha viputo zaidi, na hapo kila dawa ina maelekezo yake: Caninsulin hutikiswa mpaka iwe nyeupe sawasawa kama maziwa, ProZinc huzungushwa polepole viganjani, na Lantus, ambayo ni angavu kama maji, haihitaji kuchanganywa kabisa. Ukiikuta imeingia ukungu, usiitumie.

Kabla ya siku ya kwanza, chukua mabomba mawili matatu uyafanyie mazoezi kwa maji kwenye kikombe, vuta dozi yako mara nyingi mpaka mkono uzoee kusimama palepale. Kisha yatupe hayo. Kila bomba ni la kuchoma mara moja. Ncha ya geji 31 hupoteza ukali baada ya matumizi ya kwanza, na ikirudi kwenye kichupa inapeleka uchafu ndani ya dawa ambayo paka ataitumia kwa wiki kadhaa. Yaliyotumika yaingie kwenye chombo cha plastiki ngumu chenye kifuniko cha kufunga, kisha uulize kliniki au duka la dawa yanapokelewa wapi.

Ukigundua umetumia bomba lisilo lake

Kama paka amepata dawa nyingi kuliko inavyotakiwa, mpe chakula sasa hivi na mpigie daktari sasa hivi, hata kama anaonekana mzima. Insulini za paka hufanya kazi kwa saa nyingi. Dalili za sukari kushuka mno ni unyonge, kuyumba, njaa ya ghafla, kutetemeka, macho kukodoa bila kuona, na mwisho degedege. Akianza kuyumba au hawezi kula, mpake asali au sharubati ya glukosi kwenye fizi kwa kidole, kidogo kidogo, usimmiminie mdomoni, na uwe njiani kwenda kliniki. Aliye kwenye degedege usimtie kidole kati ya meno. Mpake kwenye fizi za nje tu. Dozi inayofuata usimpe mpaka daktari aseme.

Siku ya kununua

Nenda na kichupa chenyewe, au picha yake kwenye simu, na karatasi ya dozi. Mwambie mfamasia maneno haya: mabomba ya insulini ya U-100 (au U-40), mililita 0.3, yenye alama za nusu uniti, geji 31 au 30, milimita 8. Usiseme "sindano za kisukari" ukaishia hapo, maana utapewa yale yanayouzwa zaidi kwa binadamu. Fungua boksi ukiwa bado kaunta. Soma mwili wa bomba moja: nguvu, kisha ukubwa, kisha mstari wa nusu. Angalia na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Boksi la mabomba 100 litakupeleka siku 50 kwa dozi mbili kwa siku. Mwanzoni nunua boksi moja, usirundike. Dozi itabadilika, pengine hata dawa itabadilika kutoka U-40 kwenda U-100, na mabomba ya zamani yakibaki ndani ya nyumba ni hatari. Wapo pia paka ambao, wakipata insulini vizuri mapema na chakula chenye wanga kidogo, kisukari chao hutulia wakaacha sindano kabisa kwa miezi au zaidi. Dawa ikibadilishwa, toa mabomba ya aina ya zamani nyumbani siku hiyohiyo, yawe mazima au la. Kliniki nyingi hufurahi kuyapokea.

Agiza boksi jipya yakiwa yamebaki mabomba 20. Hiyo inakupa siku kumi za kutafuta aina yako, na hutalazimika kuchukua lolote lililopo Jumapili jioni. Na kama unamwachia mtu paka, bandika kwenye kichupa kipande cha karatasi chenye nguvu ya dawa, aina ya bomba na mstari wa kuvuta, kisha mwache avute mbele yako kabla hujaondoka.